Bakuli la Dirisha la Kaskazini

Kwamboka hakwenda kule kutafuta mambo. Hilo liwe wazi tangu mwanzo, kwa sababu baadaye watu walisema mengi, na wengine walioyasema walikuwa wamekula chapati zake wiki hiyo hiyo. Alitumwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, jua la Birmingham limechungulia kidogo kisha likajirudi. Alivaa koti lake la kijani, akapanda basi kutoka Nechells, akaenda kuangalia kanisa la kukodi. Ushirika wao wa Wakenya ulikuwa umehamishwa mara tatu ndani ya miaka minne. Ukumbi wa Washwood Heath, majirani walichoshwa na ngoma. Karakana ya Hockley iliuzwa wakiwa katikati ya mfungo. Ghala la Nechells lilivuja hadi kinanda kikapata kutu. Mchungaji Ngugi alikuwa amemwambia, "Sista, wewe uko na jicho la nyumba. Enda utuangalilie."

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, la mawe, lina zaidi ya miaka mia nane, limebanwa katikati ya maghala na uzio wa mitambo ya reli mpya. Aliyekuwa na funguo ni mzee mmoja Mhindi aitwaye Vipul, mzaliwa wa Kisumu, aliyeondoka huko akiwa na miaka kumi na minane na hajarudi. Alifanya kazi ya vyuma maisha yake yote, na alipostaafu alishikwa na ugonjwa wa majengo ya kale. Ngome ya Dudley, ngome ya Kenilworth, makanisa yasiyo na mapaa, yote ameyazunguka na chupa yake ya chai. Mkewe, Ushma, husema aliolewa na mwanamume akaletewa magofu. Kiswahili cha Vipul kilikuwa kile cha dukani kwa baba yake, hakikukanyaga darasa, lakini Kwamboka alipokisikia mlangoni alitaka kumkumbatia.

Vipul alimzungusha. Alimwonyesha askari wa jiwe aliyelala juu ya kaburi lake bila pua, na birika la jiwe la ubatizo, na michoro ya ukutani iliyofifia hadi ukashindwa kutofautisha malaika na madoa. Mwisho akamfikisha kwenye ukuta wa kaskazini, karibu na madhabahu. Pale palikuwa na kidirisha cha chini, kiasi cha kupitisha kichwa, chenye kizingiti cha mbao nyeusi.

"Hapa nyuma ilikuwa chumba ndogo, mama. Mwanamke moja aliingia, mlango ikajengwa na mawe. Mwenyewe alitaka. Alitaka kuomba Mungu mpaka kufa. Askofu alimsomea sala ya maziko akiwa mzima. Chakula yake ilipita hapa."

"Nani alikuwa anamletea?"

"Iko msichana, mtumishi yake."

"Kumbe alikuwa na carer," Kwamboka akasema, na wote wawili wakacheka. Kazi yake mwenyewe ilikuwa hiyo, kuzunguka nyumba za wazee wanaoishi peke yao, dakika kumi na tano hapa, dakika ishirini kule, kuosha na kulisha na kuandika saa ya kutoka. Alipitisha kiganja ndani ya kidirisha. Mkono uliingia hadi karibu na kiwiko, ukagonga mawe. Kilikuwa kimezibwa zamani. Nje alikuwa ameshapita na kuona nyasi na ukuta mtupu, chumba chenyewe kilibomolewa miaka mia tano iliyopita.

Alimpigia mchungaji simu akiwa kituo cha basi. Alimwambia wamepata, na kwamba hapa hatoki mtu tena.

Sasa kuna jambo la kueleza. Kwamboka ndiye aliyekuwa mkuu wa jikoni wa ushirika. Ibada ilianza saa saba mchana, na baada ya ibada watu walikula, kwa maana wengi walitoka zamu au walikuwa wakienda zamu. Palikuwa na kijana mwenzao, Cleopas, anayeendesha mashine ya kupakia mizigo ghalani, ambaye hufika chakula kikiwa kimekwisha. Jumapili iliyofuata Pasaka, Kwamboka alimwekea chake katika bakuli la bati lenye maua mekundu, alilopewa na mama yake Keroka siku ya kusafiri. Meza zote zilikuwa zimejaa vyombo vichafu. Akaliweka kwenye kizingiti cha kile kidirisha, akalifunika kwa kitambaa, akaenda kusimamia sufuria.

Aliporudi bakuli lilikuwa safi. Halikuwa limeoshwa, lilikuwa limelambwa. Na ndani palikuwa na njugu saba, zile ngumu za maganda ya kahawia ambazo Waingereza huziweka mezani wakati wa Krismasi.

Alifurahi. Kwao, na pengine kwenu pia, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Akikuletea uji unamrudishia na maharagwe, akikuletea maharagwe unamrudishia na ndizi. Kurudisha bakuli tupu ni kumwambia mtu kwamba ujirani umekwisha. Wanawake wa kwao wamewahi kuacha kuzungumza miaka kumi kwa sababu ya bakuli tupu. Kwa hiyo Kwamboka alijisemea kwamba huyu Cleopas, pamoja na suruali zake zile za kuning'inia, amelelewa. Jioni alizipasua njugu akazila na chai, zote saba. Na Jumapili iliyofuata alilijaza bakuli tena, nyama na matoke, kwa sababu zamu ya kujaza ilikuwa yake.

Safari hiyo lilirudi na kipande cha mshumaa wa nta, wa manjano, wenye harufu ya asali. Aliuwasha sebuleni kwake hadi ukaisha.

Wiki hiyo chumvi ilipotea.

Alidhani ni mafua. Aliongeza chumvi kwenye mchuzi, akaonja, hakuna. Akaongeza tena. Jumapili watu wakasukuma sahani, na mama mmoja akamwuliza kama leo amepika na bahari. Yeye alikuwa ameila sahani nzima bila kusikia lolote mdomoni ila joto. Hata hivyo bakuli la dirishani lilirudi limelambwa, na njugu nyingine ndani.

Baadaye ikaja njaa. Kwamboka alikuwa mwanamke wa kilo sabini na nne, na hakuwahi kuomba radhi kwa hata moja. Sasa alikula ugali wa watu watatu akainuka na njaa. Alikula kwenye basi, alikula ngazini kwa wateja wake, alikula akiwa amesimama mbele ya friji. Sketi zikaanza kuzunguka kiunoni. Rafiki yake Jepchirchir, ambaye ni nesi kwenye zahanati, alimwita ndani akampima. Kilo hamsini na tisa.

"Kwamboka, hiyo weight imeenda wapi?"

"Niulize mimi?"

Alitolewa damu chupa sita. Sukari sawa, kifua sawa, tumbo sawa. Hakuna ugonjwa wowote ulioonekana.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, Cleopas alikuja mapema. Alikuta Kwamboka jikoni, akamwamkia, akaomba sahani.

"Ngoja basi, chako nimeshakiweka," Kwamboka akasema. "Si ni palepale pa kila wiki."

"Pa kila wiki wapi?"

"Dirishani. Na asante kwa zile njugu, sijawahi kukushukuru."

Cleopas alimtazama vile vijana humtazama mtu mzima anapoanza kuchanganya siku. "Sister, mimi nimekuwa double shift since Easter. Hata leo nimeomba ruhusa. Sijakula chakula yako hata siku moja."

Walikwenda wote wawili. Kutoka jikoni hadi kwenye ukuta wa kaskazini ni hatua kama thelathini. Hakuna aliyekuwa upande ule, watu wote walikuwa uwanjani wakipiga picha na mtoto aliyebatizwa. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Bakuli lilikuwa tupu, limelowa mate.

Katikati ya bakuli palikuwa na jino.

Lilikuwa jino la mtu mzima, refu, lenye mizizi yake. Cleopas alirudi nyuma hadi akagonga kaburi la askari. Kwamboka alilibeba bakuli hadi chooni, akamwaga jino, akavuta maji mara tatu. Hasira ndiyo iliyomtangulia, hofu ilikuja akiwa kwenye basi.

Tangu siku hiyo hakuweka bakuli tena. Alilifungia kabatini nyumbani, Nechells, akafikiri amemaliza.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili, jua likiwa limejaa jikoni, alikuwa akila mkate na mayai. Alimeza.

Akasikia mtu mwingine akimeza.

Aliacha kutafuna. Kimya. Akatafuna tena, taratibu, akameza. Sauti ile ikaja baada yake kidogo, ndani ya ukuta, nyuma ya friji. Mmezo mzito, wa koo kavu. Kisha ikaja ile pumzi ndogo ya mtu aliyekuwa na njaa sana.

Kwamboka alilitema lile tonge. Upande wa pili wa ukuta, kitu kikalia.

Hapo ndipo watu walipoanza kunong'ona. Wakenya wa Birmingham wana maneno yao, na mtu wa Kisii kama Kwamboka hayakosi. Yamekuwa ya utani siku zote, kwamba kwao watu hupaa na ungo, naye siku zote amejibu kwamba hizo ni hadithi za watu waliokosa ndizi. Sasa utani ulikwisha. Ikasemwa kwamba alileta kitu kutoka nyumbani, kikamgeuka. Mama mmoja alihamisha watoto wake benchi Kwamboka alipoketi.

Mchungaji Ngugi aliita kikao. Alikuwa mtu mwema, na aliongea kwa upole. Alisema Cleopas ameeleza alichokiona, kwamba mahali hapa pana jambo, na wao ni wageni, hawajui chini yake kumezikwa nini. Ghala la Nechells bado lilikuwa wazi. Wangehama mwisho wa mwezi.

Kwamboka alisimama. Ilimchukua muda kusimama, maana magoti yalikuwa yamebaki mifupa.

"Mimi sihami," alisema. "Nimehamishwa na mvua, nimehamishwa na wenye nyumba, nimehamishwa na watu wasiopenda ngoma. Sasa nihamishwe na mtu aliyekula chakula changu? Nyinyi endeni. Na yeyote anayesema mimi ni mchawi, anisemee hapa, nikiwa bado na nguvu ya kumjibu."

Kisha akaketi.

Jumanne Vipul alikuwa kanisani, kwa sababu Jumanne hufungua kwa ajili ya watalii wa majengo ya kale. Siku hiyo hapakuwa na mtalii. Kwamboka alimkuta akipangusa askari wa jiwe kwa brashi. Mzee alipogeuka akamwona, brashi ilimdondoka.

"Mama. Nini imekula wewe?"

"Nataka hadithi yote ya yule mwanamke, mzee wangu. Ile uliyosema chakula chake kilipita hapa. Usinipunguzie."

Vipul aliketi kwenye benchi. Alisimulia akiangalia mikono yake.

Mwaka wa tauni, alisema, watu wa hapa walikufa nusu. Yule msichana aliyeleta chakula aliogopa, akakimbia, akaenda kwa wazazi wake mbali kiasi cha siku mbili kwa miguu. Hakuna mwingine aliyekubali kusogelea dirisha. Mkono ulitoka nje ya kidirisha ukiomba, siku tisa, na watu walipita wakitazama chini. Siku ya kumi mkono ukarudi ndani. Walipobomoa mlango hawakukuta mtu. Hapakuwa na mfupa wala nguo. Walikuta kizingiti tu. Vipul akamwambia apitishe kidole chini ya ile mbao nyeusi, upande usioonekana.

Alipitisha. Kulikuwa na mashimo madogo, safu mbili, yakifuatana. Alikuwa ameosha meno ya bandia ya wazee wengi vya kutosha kujua yale yalikuwa nini.

"Na yule msichana?"

Vipul aliinama akaokota brashi yake.

"Iko kwa daftari ya askofu, mimi nilisoma mwenyewe. Alikufa kwa mama yake, wiki sita baadaye. Mbele yake sufuria ilikuwa imejaa. Alikula, alikula, mpaka mwisho alikula. Waliandika amekufa njaa."

Kwamboka aliketi kando yake, akahesabu. Nje mitambo ya reli ilikuwa ikipiga chuma juu ya chuma. Kwa hiyo kukimbia hakusaidii, maana msichana alikimbia. Kulisha hakusaidii pia, yeye mwenyewe amelisha wiki saba na mwili umeisha. Jepchirchir alikuwa amempima tena asubuhi hiyo, akamgeuzia tu kioo cha mizani. Arobaini na moja. Daktari alitaka alazwe siku hiyo hiyo.

"Mzee Vipul," akasema, "huyu msichana, alirudishiwa kitu chochote? Bakuli lilipotoka ndani, lilikuwa na kitu?"

"Hiyo haijaandikwa."

"Mimi nimerudishiwa. Kila wiki. Na kila akirudisha, isipokuwa mara ya mwisho, mimi nikajaza tena, nikiona ni adabu."

Mzee alitikisa kichwa, haelewi.

"Wewe ulizaliwa Kisumu. Jirani akikuletea chakula, mama yako alirudisha chombo namna gani?"

Vipul alikodoa macho. "Na kitu ndani," alisema polepole. "Hata kama ni ndimu moja tu."

"Na ukitaka kumwambia jirani basi?"

Vipul alisimama.

Kwamboka alikuwa amekuja na bakuli ndani ya mfuko. Alilitoa. Saa sita na robo mchana, jua liliingia kwa madirisha ya kusini na kulala sakafuni hadi karibu na ukuta ule. Vipul alisema atasimama naye. Kwamboka alimwambia abaki kwenye kaburi la askari, na akimwona anavutwa, amvute miguu.

Alipiga magoti mbele ya kidirisha. Alishika bakuli kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kumpa mtu chombo. Akaliingiza.

Mikono iliingia hadi viwiko. Mawe hayakuwapo.

Ikaingia hadi mabega. Huko ndani palikuwa na baridi, na harufu ya nta. Alikuwa anajua unene wa ukuta ule. Upande wa pili ni nyasi na jua. Mikono yake haikuwa kwenye nyasi wala kwenye jua.

Kitu kikagusa bakuli.

Vidole. Vilikuwa vidogo, vya mtu mzee au mtu aliyekauka. Vilipapasa ukingo. Vikaingia ndani. Vikazunguka chini ya bakuli, taratibu, mara moja, mara mbili, vikitafuta. Kwamboka alivijua vidole hivyo. Alivikuta kila asubuhi kwenye vyumba vya Nechells, kwa vikongwe wasioona, wakizungusha mkono kwenye sahani kuhakikisha kama kweli hakuna kilichobaki. Moyo ulimlainika. Naam, alimwonea huruma, na aliniambia hivyo bila kuona haya, kwamba wakati ule angekuwa na kipande cha mkate angempa. Siku tisa mkono uko nje na watu wanatazama chini. Machozi yalimtoka.

Vidole viliacha bakuli. Vikamshika kiganja. Vikaanza kumpapasa yeye, nyama ya chini ya kidole gumba, kwa namna ileile.

Huruma ikaisha.

"Sikiliza, mama," akasema. Hakupaza sauti. "Walikuacha, na walikosea. Ningekuwapo ningekuletea. Lakini sikuwapo. Mimi nimelisha watu wa mji huu kwa mikono hii, nimewaosha, nimewafumba macho walipokufa. Nimelisha mpaka wewe. Lakini mimi si chakula."

Vidole vilibana.

"Kwetu chombo hakirudi kitupu. Hiki nimekirudisha kitupu, na nimekirudisha makusudi. Hakuna ujirani tena. Hilo ni tusi, na ulimeze."

Kisha kutoka ndani, karibu sana na uso wake, ikatoka pumzi ya mtu aliyetukanwa.

Bakuli lilivutwa. Alilishikilia kwa kitambo, kwa sababu lilikuwa la mama yake. Kisha akaliachia. Vidole vilimwachia pia. Akasikia bati likitafunwa, rangi ikipasuka vipande, meno yakiteleza na kurudi. Vipul, aliyekuwa mbali vile, alisikia pia, akaziba masikio.

Halafu mikono yake ilikuwa imegonga mawe. Kina cha chini ya kiwiko, si zaidi, mawe makavu yenye vumbi. Ngozi ya viganja ilikuwa imechubuka. Bakuli halikuwapo.

Vipul alimketisha benchini. Hakujua la kufanya, kwa hiyo alifanya lile Ushma angefanya, akafungua chakula chake. Zilikuwa chapati nyembamba za majani ya uwatu, na achari ya limau. Kwamboka alikata kipande, akakiweka mdomoni, akakaa nacho.

"Chumvi," akasema.

Alimeza. Walisikiliza wote wawili. Hakuna aliyemeza baada yake. Alikula chapati zote sita za mzee wa watu, akilia, na mzee akamwambia kesho ataleta kumi.

Ushirika haukuhama. Mchungaji Ngugi alikuja mwenyewe nyumbani kwake kumwomba radhi, akakaribishwa na kupakuliwa. Yule mama aliyehamisha watoto naye alirudi benchi lake, na Kwamboka alimpakulia kama wengine, ila kijiko kimoja pungufu, maana na yeye ni binadamu. Kila Jumapili baada ya ibada yeye huketi chini ya kidirisha cha kaskazini, amekipa mgongo, anakula chakula chake mpaka punje ya mwisho. Hakuna mwingine anayekaa pale. Naye hajali.

Kufikia mwezi wa tisa alikuwa amerudi. Mashavu yamerudi, mikono imerudi, sketi zimerudi kubana na zile mbili alizogawa alizidai. Alipita zahanati kumchukua Jepchirchir waende sokoni, na Jepchirchir, aliyekuwa na furaha, akamwambia apande mizani ili akaandike habari njema kwenye faili.

Alipanda. Jepchirchir alitazama namba. Akamwambia ashuke, apande tena. Akatoa betri, akarudisha betri. Alikwenda chumba cha pili, akaleta mizani nyingine, ile ya kupimia wagonjwa wa viti. Yeye mwenyewe alipanda kwanza, ikasoma sitini na tatu, ambazo ndizo zake. Akamkalisha Kwamboka, mwanamke mnene, aliyeshiba, aliyejaa kiti mpaka pembeni.

Arobaini na moja.

"Hii si wewe," Jepchirchir alinong'ona. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akaminya nyama, ilikuwa nyama kweli. "Mungu wangu, Kwamboka, nitaandika nini hapa?"

Kwamboka alishuka, akavaa viatu, akachukua kapu lake la sokoni.

"Andika hiyo hiyo," alisema. "Kilo zingine najua ziko nyuma ya dirisha gani, na siku moja nitazifuata."